Jicho Jipya la Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuja Kericho kutengenezwa jicho. Hakuja kuniona mimi, na hakuna mtu aliyepanga anione kwa kiasi alichoniona. Nalisema hilo mapema, kwa sababu watu wa kwetu wakisikia tu kwamba mambo haya yalitokea bafuni, huwa hawangoji kusikia mengine.

Sisi ni watu wa ziwani. Baba yangu alipanda huku juu kuchuma majani chai, akanizalia kwenye nyumba za kampuni, nami sikuona sababu ya kushuka tena. Mila zilipanda pamoja naye, na mvua yote ya huku haijazifua zikatoka. Kwetu mwanamume na mama wa mke wake huheshimiana kwa umbali. Hawapeani mkono. Hawaketi kwenye kiti kimoja hata kama kina nafasi ya watu watatu. Hawalali chini ya paa moja. Nimeoa miaka mingi, watoto wamekwenda shule wakatoka, na maneno yote niliyokuwa nimewahi kumwambia yule mama yangeenea kwenye lebo ya kaptula. “Mama, habari.” “Mama, karibu chai.” “Mama, safari njema.” Hayo tu, na mengine yalisemwa huku nikitazama miguu ya meza.

Kaptula nazitaja kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mimi ni fundi. Nashona sare za shule nikiwa chumba cha mbele cha nyumba yangu, cherehani ikiwa dirishani, na kutoka hapo naona barabara, naona mlima wa chai, naona nani amenunua nini. Nikiwa na hayo yote, mjini nitafuata nini? Mke wangu ndiye anayetoka. Yeye yuko kiwanda cha chai, kwenye chumba cha kuchambulia, na akirudi nguo zake zina ule unga mwekundu wa majani. Jirani yetu, mama mmoja aliyetoka mkoa wa Kati kuja kuuza viazi, alikuwa na maneno yake kuhusu mpango huu.

“Fundi,” ananiambia kila akipita na gunia, “siku ukifa tutakuzika na kiti chako. Hatutaweza kuvitenganisha.”

“Mnizike upande wa dirisha,” namjibu.

Nilikuwa na sifa ya uvivu, kwa kifupi, na nilikuwa nimeizoea. Ndiyo sababu, mwaka ule, nilipoanza kuona kisunzi nikisimama kutoka kwenye cherehani, sikumwambia mtu. Nilikuwa nikiinuka, dunia inarudi nyuma hatua moja, inangoja kidogo, halafu inakuja. Kupanda ule mteremko wa kutoka dukani nilikuwa nasimama katikati na kujifanya nafunga kamba za viatu. Viatu vyangu ni ndara. Mtu akinipita namsalimu nikiwa nimeinama hivyo hivyo, nashika ndara. Ningesema nini? Mvivu akisema amechoka, hiyo si habari.

Basi mama mkwe akaja. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili, na mke wangu alisikia kwamba hospitali ya mjini wanatoa, jicho moja kwanza. Alale wapi? Kwangu haiwezekani. Jirani akasogeza viazi vyake kwenye stoo, tukatia kitanda, na mama akalala humo na harufu ya udongo wa viazi ili heshima yangu isipate doa.

Siku waliyotoa bendeji alikaa kwenye kibaraza cha jirani, na miwani nyeusi waliyompa, akawa anaivua na kuivaa, anaivua na kuivaa.

“Kumbe hii chai ni kijani hivi?” alimwuliza mke wangu. “Na wewe una mvi! Nani amekupa mvi?”

Mke wangu alinitazama. Mimi nikatazama miguu ya meza.

Daktari alikuwa ametoa masharti. Asiiname. Asisugue jicho. Asiinue kitu chochote, kwa sababu kidonda kilikuwa bado kibichi na kujikaza kungekifungua. Mke wangu aliyarudia masharti hayo kila asubuhi kabla ya kwenda kazini kama mtu anayefunga mlango na kuujaribu.

“Mama asibebe hata kikombe. Unasikia, Baba watoto? Hata kikombe.”

“Nasikia.”

Jumamosi iliyofuata mke wangu alikuwa kwa shifti ya mchana na jirani alikuwa amekwenda sokoni. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya chai, yale ya kila siku, nikasema nioge kabla mvua haijanifungia. Bafu letu ni mabati manne na sakafu ya simiti nyuma ya nyumba, karibu na banda la kuku. Mlango wake ni bati la tano, unashikwa na waya. Nilichemsha maji, nikayabeba kwenye karai. Mama mkwe alikuwa kibarazani, amegeuzia bafu mgongo na kutazama mlima, anavyotakiwa mtu mwenye adabu. Nilikuwa na sabuni mpya. Niliiweka juu ya jiwe, nikatundika nguo, nikainama kuchanganya maji ya moto na baridi.

Sauti ndiyo iliyoondoka kwanza, kama redio ikipoteza stesheni. Nakumbuka nikifikiri kwamba kuku wamenyamaza.

Kilichonirudisha ni manyunyu usoni. Nilikuwa nje, mgongo kwenye matope, na kuku mmoja amesimama karibu na sikio langu akinichunguza kwa jicho la upande. Paji la uso lilikuwa linawaka. Mtu alikuwa anataja jina langu, lile nililopewa nikizaliwa, jina ambalo mama mkwe hawezi kulitamka hata akitishwa kwa panga. Halafu likakoma. Nilijishika, nikakuta nimefunikwa leso kuanzia kifuani hadi magotini. Leso ya maua ya zambarau. Niliijua ilikuwa ya nani.

Alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, amenigeuzia mgongo, anahema. Akaanza kusema na kuku.

“Mimi sikuona kitu,” aliwaambia. “Jicho hili bado lina ukungu. Nilisikia tu kishindo.”

“Niliteleza, Mama,” nikasema kutoka matopeni.

Kuku hawakujibu.

“Sabuni,” nikaongeza.

“Sabuni ni kitu kibaya,” akawaambia kuku, akaondoka kuelekea kibarazani huku mkono mmoja umeshika ukuta.

Nilijikokota hadi ndani, nikavaa. Ile leso niliifua mwenyewe kwa mikono, nikaianika nyuma, nikaikunja, nikaiweka kwenye ukuta wa kibaraza wakati hayupo. Ilichukuliwa. Sikuiona tena mwilini mwake.

Na hapo ndipo tulipokubaliana bila kukubaliana. Yeye hakuona. Mimi niliteleza. Kama hakuona, basi hakuna mkwe aliyeonekana, na hakuna mambo ya kupelekwa nyumbani kwa wazee, mbuzi achinjwe na watu wakae wakisikiliza jinsi ilivyokuwa tangu mwanzo. Kama niliteleza, basi hakuna la kuuliza. Ilikuwa kazi safi, haina uzi unaoning'inia. Nilijua vizuri kwamba sikuteleza. Naye, kama nilivyokuja kujua, alijua zaidi yangu.

Jirani aliporudi na kuniona na kitambaa kichwani alishika kiuno.

“Fundi! Sasa hata kuoga kumekushinda?”

“Niliteleza.”

“Ulikuwa unakimbilia wapi humo ndani?”

Alinipeleka zahanati akinicheka njia nzima, lakini alinishika mkono njia nzima vilevile. Kijana wa zahanati alinishona. Ule mshono singempa mteja, lakini sikuwa na nguvu ya kubishana.

“Ulipoteza fahamu?” aliuliza.

“Hapana.”

“Ulijua unaanguka?”

“Niliteleza na sabuni,” nikasema. Akaandika hivyo, akanipa dawa ya maumivu, nikarudi kwenye kiti changu.

Jumatatu jicho la mama mkwe lilikuwa jekundu. Jekundu kabisa, na linatoa maji. Mke wangu aliliona asubuhi akipeleka uji, nikasikia sauti yake ikipanda kutoka kwa jirani hadi kwenye dirisha langu.

“Mama! Umefanya nini? Uliinama?”

“Sikuinama.”

“Ulisugua?”

“Sikusugua.”

“Sasa limekuwaje hivi? Uliinua kitu! Mama, uliinua nini?”

Nilikuwa nashona mguu wa suruali. Nikasimamisha cherehani.

“Ndoo,” mama mkwe alisema. “Nilibeba ndoo ya maji.”

“Ndoo! Nilikwambia hata kikombe! Tumekungojea miaka uone, halafu ndoo? Nani alikutuma maji? Wewe ni mtoto?”

Alimgombeza mama yake vile mtu anavyogomba akiwa anaogopa, bila kupumzika. Na yule mama, mwenye umri wa kuwa mama wa mtaa mzima, aliyapokea yote. Alisema, “Ni kosa langu.” Alisema, “Nilisahau.” Mimi nilikuwa hatua chache tu, ng'ambo ya ukuta wa mbao. Ningeweza kuita. Ningeweza kukohoa. Nilikanyaga cherehani, nikashona, na nilipotazama nilikuwa nimeufunga ule mguu wa suruali juu na chini. Mtoto wa shule asingepata pa kuingilia.

Mke wangu aliingia akifuta macho.

“Leo utampeleka kliniki ya macho,” alisema. “Mimi siwezi kukosa shifti. Na mkifika huko msikae kama watu waliogombania shamba. Daktari akiuliza kitu, ujibu.”

“Nitajibu.”

Tulikwenda kwa pikipiki mbili, ya kwake mbele. Kliniki tulikaa kwenye benchi moja, yeye mwanzo wa benchi na mimi mwisho, na watu walipokuja wakajaza katikati tukashukuru. Alipoitwa, nesi akasema mtu wake aingie naye, kwa sababu haoni vizuri. Nikaingia. Nikasimama karibu na mlango nikatazama kalenda ya ukutani. Ilikuwa na picha ya ng'ombe wa maziwa.

Daktari wa macho alikuwa msichana mdogo, wa umri wa mtoto wangu mkubwa, mpole. Alimwangazia jicho, akaangaza tena.

“Mama, hili jicho lilikuwa zuri sana. Nilijivunia. Umeanguka?”

“Hapana.”

“Uliinua kitu kizito?”

“Ndoo.”

“Ya maji?”

“Ya maji.”

“Mama.” Alizima kile kitochi chake. “Kidonda kimefunguka. Mtu hujikaza sana mpaka kifunguke hivi. Nataka kujua uliinua nini, na mara ngapi, ndiyo nijue nitafanya nini. Ukinificha, jicho linaweza kwenda.”

Mama mkwe alivua ile miwani nyeusi akaiweka mapajani. Nilisoma siku zote za mwezi kwenye kalenda, na sikukuu zake.

“Haikuwa ndoo,” alisema. “Ni mtu.”

“Mtu gani?”

“Huyu anayetazama ng'ombe.”

Daktari aligeuka. Nilitamani yule ng'ombe anipokee.

“Alikuwa amelewa?” daktari aliuliza.

“Mimi silewi, daktari,” nikasema haraka. “Niliteleza tu bafuni. Sabuni…”

“Hakuteleza.” Mama mkwe hakunitazama. Alikuwa anasema na daktari peke yake, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayesema kanisani mbele ya wote. “Mwambie hakuteleza. Sabuni ilikuwa juu ya jiwe, bado kwenye karatasi yake. Niliiona. Ilikuwa kavu.”

“Uliiona, Mama?”

“Niliona kila kitu, daktari. Jicho mlilonipa ni zuri.”

Nafikiri nesi alitoka. Au alijifanya anatafuta kitu kabatini. Masikio yangu yalikuwa ya moto kiasi kwamba sikusikia vizuri mpaka yule mama alipoendelea.

“Alikuwa ameangukia ndani, kichwa kwenye karai, maji yako mdomoni. Midomo ilikuwa ya majivu. Macho yako wazi na yeye hayumo. Nikamvuta kwa mabega mpaka nje. Ni mzito huyu, usimwone amekaa hivyo. Nikaweka mkono hapa,” akajigusa shingoni, “hakuna. Nikaweka kifuani, hakuna. Nikaanza kulia. Nimezika watu wengi, daktari, namjua aliyekufa. Nilivuta maiti, halafu ikafungua macho ikaniambia sabuni.”



“Ulimwambia nani?” daktari aliuliza polepole.

“Nani? Huyu ni mkwe wangu. Nilinyamaza kwa heshima. Naye akanyamaza kwa heshima. Lakini nimelala siku mbili kwenye viazi nikifikiri. Nikiendelea kumheshimu hivi, binti yangu atakuwa mjane.”

Daktari alikuja mlangoni, akanishika kifundo cha mkono, akatazama saa ya ukutani. Nilidhani anataka kunitoa nje. Alitazama ile saa muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji ili kujua ni saa ngapi.

“Mzee,” alisema, “hebu keti. Keti tu polepole.” Halafu akaniambia kitu ambacho nakikumbuka mpaka leo: “Mimi ni wa macho. Lakini kuhesabu najua.”

Walinivusha uwanja hadi jengo lingine kwa kiti cha magurudumu, mimi nikiwa na ndara, nikiwa na kitambaa kichwani, na mama mkwe anafuata nyuma amevaa miwani nyeusi. Watu walitazama. Ningewatazama mimi pia kama ningekuwa dirishani mwangu. Kwenye chumba cha kupima moyo, mwanamume wa mashine, Mkipsigis mtu mzima, akasema nivue shati. Akamwona mama mkwe mlangoni.

“Ni mama yako?”

“Ni mama mkwe.”

“Aa!” alisema, akavuta pazia upesi kama mtu anayezima moto. Huyo nilimpenda.

Alinibandika waya kifuani, mashine ikatoa karatasi yenye mistari, na mistari ile akaletewa daktari mwingine, mzee kidogo, ambaye alinieleza kama mtu anayeeleza stima ilivyokatika. Moyo wangu, alisema, misuli yake ni mizuri. Shida ni umeme. Umeme unazaliwa juu, unatakiwa ufike chini useme piga. Wangu ulikuwa unapotea njiani. Sehemu ya chini ilikuwa inajipigia yenyewe polepole, ikikisia, na wakati mwingine inasahau kabisa.

“Ikisahau muda mrefu?” niliuliza.

“Ndiyo ulianguka.”

“Na ikisahau zaidi?”

Alikunja ile karatasi. “Umekuwa na bahati ya mtu wa kukuvuta.”

Alisema nitahitaji kidude cha betri, kishonewe chini ya ngozi ya kifua na waya wake uingizwe moyoni, kiwe kinaukumbusha. Hicho hakipo Kericho. Nitapelekwa hospitali ya rufaa zamu yangu ikifika. Walinilaza siku chache kwanza.

Mke wangu alikuja jioni ile moja kwa moja kutoka kiwandani, na ule unga wa majani begani. Alikuwa ameshaambiwa na mama yake. Alisimama kwenye mwisho wa kitanda.

“Kwa hivyo ndoo ilikuwa wewe,” alisema.

“Ndiyo.”

“Nimemtukana mama yangu kwa ajili ya ndoo. Na wewe ulikuwa unasikia.”

“Nilikuwa nasikia.”

Alikaa. Alikuwa na haki ya kusema mengi na hakuyasema, jambo ambalo lilinifanya nitamani ayaseme. Baadaye akaniuliza, “Na kile kisunzi, kilianza lini?” Nikamwambia. Nikamwambia pia kuhusu kamba za ndara.

“Na mimi siku zote hizo nakuita mvivu.”

“Nusu ilikuwa moyo,” nikasema.

“Na nusu nyingine?”

“Hiyo ni yangu.”

Alinipiga kwenye mguu kwa mkono wazi, si kwa nguvu, akaanza kulia.

Jicho la mama mkwe walilifunga tena, wakalitia dawa, na likapona. Lakini halikupona kurudi palepale. Sasa anaona sura ya mtu, anaona njia, anaona kikombe. Ile kijani ya chai aliyoishangaa siku ya kwanza anasema imekuwa kama ya nguo iliyofuliwa mara nyingi. Daktari alisema ndivyo litakavyobaki. Nimelihesabu jambo hili mara nyingi nikiwa kwenye cherehani na haliishi: kitu cha mwisho jicho lile lilichokiona vizuri kabisa ni mimi, nikiwa vile nilivyokuwa. Angalau lingepata machweo.

Niliporuhusiwa nyumbani kungojea zamu, nilipewa masharti mengi kuliko ya mama mkwe. Nisipande ngazi. Nisiwe peke yangu. Nisioge bila mtu wa karibu kunisikia, na mlango usifungwe kwa waya. Mke wangu yuko kazini mchana, na jioni huku kuna baridi ya kuua hata mwenye moyo mzima. Jirani alijitolea.

“Nitakusikiliza nikiosha viazi,” alisema. “Ukianguka nitakuosha pamoja navyo.”

Lakini jirani ni mtu wa soko, leo yuko hapa, kesho yuko soko la Ndanai. Aliyebaki nyumbani kila siku alikuwa mmoja tu, naye alikuwa akingojea kliniki ya jicho. Mke wangu alituketisha, yaani alimketisha yeye kibarazani na mimi mlangoni, akatuambia sisi wote wawili kwa pamoja kwamba mambo ya wazee yatakwenda kusemwa nyumbani siku yake, na mbuzi nitamtoa mimi, lakini hapa mtu ataoga na mtu atasikiliza.

“Nitaweka kigoda nyuma ya bati,” mama mkwe aliuambia mlima. “Nitatazama huko. Lakini yeye aongee. Akinyamaza, nitajuaje?”

Kwa hivyo nikaoga nikiongea. Mtu ambaye kwa miaka yote hiyo sikuwa nimemaliza naye sentensi ya tatu, sasa nilipaswa kumjaza masikio kuanzia maji ya kwanza hadi taulo, mimi uchi upande huu wa bati na yeye upande ule. Siku ya kwanza nilimtajia vipimo vya wateja. “Kiuno ishirini na nne. Urefu kumi na sita. Mfuko mmoja wa nyuma.” Siku ya pili vipimo viliisha nikiwa bado na sabuni, nikaanza vituo vya reli tulivyokariri shuleni, Londiani, Kipkelion, Fort Ternan, Koru, Muhoroni, nikateremka vyote mpaka ziwani.

“Umefika Kisumu,” alisema kutoka nyuma ya bati. “Sasa panda tena.”

Nikapanda tena.

Siku ya mwisho kabla ya kwenda kushonewa kile kidude, niliingia bafuni sina kitu kichwani. Vipimo sikuvitaka. Vituo nilianza nikaviacha njiani. Nilisimama na lile kopo la maji mkononi, sikujimwagia.

“Mkwe.”

Sikujibu upesi.

“Mkwe, nahesabu mpaka tano kisha naingia. Moja.”

“Niko, Mama! Niko! Usiingie!”

“Basi ongea.”

“Sina la kuongea leo.”

“Hata uwongo. Uwongo unaujua.”

Nilicheka, na kicheko kikatoka vibaya. Mvua ilikuwa imeanza kudonadona juu ya bati. Nikasema, kwa sauti ambayo nilitumaini haitapita ng'ambo, “Mama, naogopa. Wanasema wataingiza waya mpaka ndani ya moyo, na mimi niko macho. Na kama ukisahau wakiwa katikati? Huko hakuna mtu anayeniita jina.”

Nilingoja. Hapakuwa na sauti upande wa pili. Nikangoja tena, na sasa ni mimi niliyeanza kuogopa kwa ajili yake.

“Mama? Uko?”

“Niko.”

Kigoda kililia kidogo, kama mtu amejiweka sawa.

“Nilipokuwa natolewa yule mtoto wa jicho,” alisema, “nilijikojolea. Kidogo. Hajui mtu. Binti yangu hajui.”

Sikujua mkwe hujibu nini hapo. Hakuna aliyetufundisha.

“Pole, Mama,” nikasema.

“Maji yanapoa,” alisema. “Oga.”